Mdundo wa Mtumba

Siku aliyokuwa aposwe, Kidawa alikaa bafuni muda mrefu mpaka kaka yake Burhani akagonga mlango kuuliza kama anajiosha yeye au anaosha gari.

"Kaka, leo mimi mwari!" alijibu kutoka ndani.

"Mwari gani wa miaka ishirini na saba! Toka huko, na sisi wengine tuna haja zetu."

Ilikuwa Jumapili ya Agosti, mwaka 2017, na baridi ya Johannesburg ilikuwa imeganda kwenye madirisha ya Joubert Park kama mgeni asiyejua kuaga. Kidawa hata hakuisikia. Alijifukiza udi mpaka wifi yake Ummi akakohoa huko jikoni. Alifunga shanga zake za kiunoni, safu tatu, akazifunika kwa kikanga chepesi. Juu yake akateremsha gauni la zambarau la bazin, kitambaa kinachong'aa cha Wasenegali, alilolishona mwenyewe kwa wiki mbili na kulifumua mara nne, maana fundi akijishonea mwenyewe huwa mteja msumbufu kuliko wote.

Mpango wa siku ulikuwa mwepesi. Saa tano kulikuwa na akika ya mtoto wa Kisenegali, katika ukumbi wa kukodi karibu na Park Station. Hapo Wasenegali wangecheza ngoma yao, ile waiitayo sabar. Wakishakula, na Alasiri ikishaswaliwa, wazee wale wale wangevuka barabara kwenye robot, zile taa za barabarani, wapande mpaka kwa Burhani, waseme walichokuja kusema: kijana wao Assane, mpiga ngoma, anamtaka Kidawa binti Shekue awe mkewe.

"Eti wazee," Burhani alikuwa amelalamika jana yake. "Mmoja wao mwanamke."

"Mama Kumba ni wanaume watatu, kaka."

Na kweli. Mama Kumba aliuza vitambaa katikati ya mji, na hakuna Msenegali aliyeoa, aliyeacha au aliyezaa Johannesburg nzima bila yeye kuwapo.

Basi Kidawa alishuka ngazi huku akijizuia kukimbia. Wiki tatu nzima alikuwa akijiuliza ni kitu gani kilichomlainisha Burhani. Mwanzoni kaka mtu alikuwa jiwe. "Mpiga ngoma!" alinguruma. "Nikipigiwa simu kutoka Tanga nikaulizwa shemeji yako anafanya kazi gani, nijibu nini? Anagonga?" Halafu siku moja akamwalika Assane chai, wakajifungia sebuleni saa nzima, na Burhani alipotoka alikuwa mtu mwingine. "Kijana ana heshima zake," alisema, akashika rimoti. Kidawa alimbusu mkono kwa furaha. Hakuuliza. Mtu akipewa alichokililia haulizi kimetoka duka gani.

*

Assane alikuwa ameingia maishani mwake kupitia suruali. Kidawa na mwenzake Victorine, Mkongomani wa Lubumbashi, walikodi chumba cha ushonaji ghorofa ya tatu, Mtaa wa Jeppe, katika lile jengo linalonuka kahawa ya Wahabeshi. Mwanaume mrefu mweusi aling'aa mlangoni, kashika suruali kama mtu aliyebeba paka aliyegongwa na gari.

"Dada, suruali yangu imekufa."

Kidawa alishangaa. Kumbe Msenegali huyu alikaa Kariakoo miaka mitatu akiuza vitenge, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: kilijua kubembeleza kuliko kusalimia.

"Imekufa wapi?"

"Kwenye goti. Mimi napiga ngoma. Mkono ukipiga, goti nalo linataka."

"Basi umeniletea maiti. Rudi Jumatano nitamfufua."

Hakurudi Jumatano, kwa sababu hakuondoka. Alikaa kwenye kibao, akaokota penseli ya kuchorea vitambaa, akaanza kugonga meza, mkono mmoja mtupu na mwingine na ile penseli. Kidawa aliendelea kushona. Baada ya muda akagundua jambo lililomsimamisha nywele za shingoni. Akikanyaga pedeli ya cherehani, yule mtu anapiga. Akiachia, anaacha. Akakanyaga kidogo tu kumjaribu. Kikasikika kidundo kimoja kidogo tu, kama anayejibu "naam".

"Unafanya nini wewe?"

"Nakufuata." Hakutabasamu. Macho yake yalikuwa kwenye mguu wake. "Kwetu mpiga ngoma hamwongozi mwanamke. Mwanamke anaingia, anacheza, sisi tunatazama mguu. Akinyanyua, namsubiri hewani. Akitua, lazima nimkute pale pale. Nikichelewa, aibu yangu."

Victorine aliguna kutoka kwenye kona yake. "Eh! Sasa ule mwanaume iko naongea na mguu yako, ma chérie. Uso yako hajaiona bado."

Tangu siku hiyo kila Jumamosi mchana, wateja wakipungua, meza ilisogezwa na Kidawa akafundishwa. Alikuwa mtoto wa Tanga, alikwisha kaa kwenye mikeka ya makungwi, hakuna aliyepaswa kumfundisha kiuno. Lakini ngoma ya Assane haikutaka kiuno kwanza. Ilitaka goti lipande mpaka kifuani, mkono uruke kama umeungua, na mwili wote ukae hewani kitambo kabla ya kutua.

"Kwetu kiuno ndicho kinachosema," alimwambia akihema, jasho likimtelemka kidevuni. "Tena kinasema polepole, mtu aelewe."

"Kwetu goti linapiga kelele," Assane alijibu. "Halafu kiuno kinakuja nyuma kuomba msamaha."

Basi alicheka mpaka akakaa chini. Assane naye akachuchumaa mbele yake, akamfuta jasho kwa kona ya kanga aliyokuwa amejifunga, taratibu, bila kugusa ngozi hata mara moja. Mtu aliyewahi kufutwa jasho hivyo anajua kwamba kuguswa kungekuwa nafuu. Kwenye ukimya ule shanga zake zilisikika, ch-ch, chini ya nguo. Assane alifumba macho.

"Wanawake wa kwetu nao wanavaa," alisema.

"Najua. Nilizisikia kwa Mama Kumba alipokuja kupima gauni."

"Basi usisogee tena, Kidawa. Mimi ni binadamu."

Jumamosi ya mwisho wa Juni alimpa zawadi. Hakikuwa kitu cha kushika. "Ukoo wetu ni wa ngoma tangu mababu," alisema. "Mwanaume wa kwetu, pete ni baadaye. Kwanza anamtungia mwanamke mdundo. Akishampa ni wake mpaka kufa, kama jina. Huu nimekutungia wewe, njiani, kwenye teksi ya kutoka Pretoria."

Akaupiga mezani. Mapigo matano ya haraka, kimya. Mawili, kisha kimya kirefu, na hapo ndipo goti linapopanda. Halafu saba yanayoshuka kama mtu anayekimbia ngazi kumpokea mgeni. Kidawa alisimama katikati ya vipande vya vitambaa, akalia waziwazi kama mtoto aliyepewa kuku wake mwenyewe.

"Ila usiucheze mbele za watu," Assane alimshika mkono. "Uwe wetu. Mpaka tumalize mambo."

Akaapa hatoucheza. Lakini leo, jamani, si ndiyo mambo yanamalizika?

*

Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake wenye vilemba virefu kama minara, na harufu ya wali wa samaki na ya uvumba wao, mzito kuliko udi wa Tanga, unaokushika koo kwa mapenzi. Mtoto wa akika alikuwa amelala fofofo kwenye mapaja ya bibi fulani. Wapiga ngoma watatu walisimama upande wa madirisha, ngoma zimefungwa viunoni, na katikati yao Assane katika kanzu nyeupe. Kidawa alipoingia, kijiti cha Assane kilikosa pigo moja. Moja tu. Victorine aliyekuja kumsindikiza akamfinya.

"Umeona? Amepoteza hesabu. Leo ule mwanaume amekwisha kabisa."

Wanawake waliingia duarani mmoja mmoja. Haikuwa ngoma ndefu. Mtu alivua viatu, akakimbilia katikati kama anayewahi teksi, akarusha magoti, akafunua kidogo upindo wa nje ili kile kikanga cha ndani kionekane, wenzake wakapiga kelele, naye akatoroka akicheka, kajifunika uso. Wake za watu, wauza samaki, bibi mwenye magoti mabovu aliyecheza kwa mabega tu: kila mmoja alicheza mbele ya wapiga ngoma kama anayewadai jibu.

"Wewe!" Mama Kumba alimvuta Kidawa. Alizungumza Kiswahili cha kuokoteza kwa wateja wake. "Bibi-harusi! Ingia. Watu wakuone."

Kidawa akavua viatu. Sakafu ilikuwa baridi kama barafu. Aliingia, na Assane akampigia mdundo mwepesi, ule wa wageni, wa kumsaidia asidhalilike. Kidawa aliucheza kidogo kwa heshima. Kisha akamtazama usoni, akatabasamu, na miguu yake ikasema kitu kingine. Tano za haraka. Kimya.

Assane alitikisa kichwa, kidogo sana. Kidawa akaona ni haya.

Mbili. Kimya kirefu, goti likapanda mpaka kifuani, gauni la zambarau likafunguka kama mwavuli. Assane hakupiga. Mkono wake ulisimama hewani. Lakini pembeni yake alikuwapo binamu yake Lamine, jitu lenye ndevu lililowasili kutoka Dakar mwezi uliopita, na Lamine uso ukamng'aa kama aliyeonana na mtu wa kwao. Akazidaka zile saba za mwisho, akazishusha zote bila kosa, na mpiga ngoma wa tatu akajiunga naye. Wakaurudia kuanzia mwanzo, kwa nguvu.

Mtu angeshangaa. Mdundo uliotungwa kwenye teksi ya Pretoria, hao wawili waliusikia lini? Lakini Kidawa alikuwa hewani, na aliye hewani hana muda wa kushangaa. Akacheza. Akaleta goti la kwao, akaleta na kiuno cha Tanga kuomba msamaha, na ukumbi ukapasuka.

"Astou!" wakapiga kelele wanawake. "Astou! Astou!"

Wakavua vitambaa vya mabegani wakavitupa miguuni pake. Kidawa akadhani ndivyo wanavyosema hongera huko kwao, akainua mikono na yeye.

"Astou!" aliitikia, akicheka.

Ukumbi mzima ukasimama kwa vigelegele.

Mama Kumba alimdaka alipotoka duarani, akamkumbatia, machozi yanamtoka. "Binti yangu, umenimaliza. Wallahi sijaona adabu hii. Leo leo nampigia simu Astou. Nitamwambia, mke mwenzako hajaingia bado nyumbani, na tayari amekusalimia kwa mdundo wako wa arusi, mbele ya watu wote, na jina lako amelitaja kwa mdomo wake!"

Kidawa alikuwa bado anahema. "Nani?"

"Astou! Mkubwa wako. Mimi nilikuwepo siku ile Dakar. Assane alipiga huu, na yeye akacheza, mwembamba hivi, na watu..." Mama Kumba alikatisha. Aliutazama uso wa Kidawa, na kicheko chake kikaondoka taratibu, kama mtu anayetoka chumbani akirudi nyuma. "Ah. Ah, hapana. Hajakuambia?"

Kidawa alikuwa akitafuta viatu vyake. Alikiona kimoja, cha pili akawa hakioni, ingawa kilikuwa mbele yake.

"Twende," Victorine alikwisha mshika kiuno. "Twende inje. Hapa usilie. Hapa watakuonaka."

*

Nyuma ya ukumbi palikuwa na uwanja mdogo wa kuegesha magari na jua la baridi lisilopasha kitu. Assane alitoka mbio. Ngoma ilikuwa bado imefungwa kiunoni, ikakaa kati yao kama mtoto anayesikiliza wazazi wakigombana.

"Kidawa. Nisikilize."

"Mke wako anaitwa Astou."

"Nilitaka kukuambia leo."

"Leo saa ngapi? Kabla ya sambusa au baada?"

"Dini yetu inaruhusu..."

"Usiniletee dini!" Sauti ilimtoka mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. "Mama yangu mimi alikuwa mke wa pili, Assane. Wa pili! Lakini alijua anakoingia. Alikwenda kwa mke mwenzake na sahani ya bokoboko, wakakaa, wakasemana, wakaelewana. Ungeniambia una mke ningelia siku tatu, ya nne ningekaa nikafikiri. Labda ningekubali. Mimi mjinga wako, labda ningekubali."

Assane akainamisha kichwa. "Niliogopa."

"Sawa, uliogopa mdomo. Na mikono je?" Alikuwa sasa anaongea chini, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umeniambia mwenyewe, akishapewa ni wake mpaka kufa. Kama jina. Umenivalisha jina la mtu. Nimecheza mdundo wa arusi wa mwanamke mwingine, nimemwita jina lake, na watu wananipigia vigelegele kwa tabia njema! Mimi fundi, Assane. Watu wakiniletea nguo najua ipi mpya na ipi imeshavaliwa. Wewe umeniletea mtumba ukaniambia umenishonea."

"Nilijaribu kutunga mwingine."

"Muongo."

"Wallahi nilijaribu. Wiki tatu. Kila nikianza wa kwako, mikono inarudi kwenye ule. Mikono inajua mmoja tu." Aliinua macho, na Kidawa aliona kwamba huu, miongoni mwa maneno yote aliyowahi kumwambia, ulikuwa ukweli mtupu. "Nikasema, basi nitampa huo huo. Ndicho kitu kizuri nilicho nacho."

Ilimchoma mahali ambapo uongo haukufika. Kwa mara ya kwanza machozi yakashuka, na Victorine aliyekuwa kasimama mlangoni kajitia hamnazo akageuza uso kabisa.

"Basi mikono yako ina adabu kuliko wewe," alisema Kidawa. "Imekataa kumsaliti."

Assane alisogea. Ngoma ikamgusa Kidawa tumboni. Angeweza kurudi nyuma, hakurudi, na kwa muda mfupi walisimama hivyo, pumzi zao zikitoka kama moshi, na kila kilichokuwa kitamu Jumamosi zote zile kikawa hapo, kizima, hakina habari kwamba kimekufa.

"Wazee wako tayari," Assane alinong'ona. "Nitakuja. Nitasema yote mbele yao. Kaka yako hana neno. Anajua."

Kidawa akarudi nyuma hatua moja. "Anajua nini?"

"Astou. Watoto. Nilimwambia ile siku ya chai. Nilisema lazima nizungumze na mwanaume mwenzangu kwanza."

Watoto. Kidawa alisikia neno lile likipita, akaliacha, kwa sababu lile jingine, kwamba kaka yake anajua, lilikuwa limeshamfika shingoni.

"Njoo," alisema. "Saa kumi. Usichelewe."

*

Burhani alikuwa amevaa kanzu ya Iddi na kujipaka mafuta mazuri. Ummi alikuwa jikoni anakaanga sambusa. Kidawa aliingia na gauni lake la zambarau, kilemba kimemlegea, wanja umemshuka mpaka mashavuni.

"Wiki tatu, kaka."

Burhani hakuuliza wiki tatu za nini. Hapo ndipo Kidawa alipojua kwa hakika.

"Alinijia kiume," alisema Burhani, akikaa chini. "Akaniambia ukweli wake wote. Nikaona huyu ana heshima kuliko wengi."

"Alikuambia wewe! Anayeolewa ni wewe?"

"Akaniomba nisiseme, atasema mwenyewe."

"Na wewe ukanyamaza. Kila siku nakupakulia wali, unanitazama, unasema ongeza nazi. Hukuona kuna kitu kingine cha kusema zaidi ya nazi?"

"Kidawa, mdogo wangu..." Burhani alipitisha mkono usoni. Ghafla alionekana mzee. "Tanga wananipigia kila wiki. Ana miaka mingapi, anaolewa lini, umemtelekeza mtoto wa watu huko ugenini. Nikikukatalia, utanichukia. Nikikuambia, utaumia. Nilikuona unaimba ukifagia. Tangu mama afe hujaimba. Nikasema, acha kwanza aimbe."

Ummi alitokea mlangoni na mwiko unaodondosha mafuta. "Burhani! Hata mimi hukuniambia? Nimekaanga sambusa mia kwa ajili ya uongo?"

Kabla hajajibu, mlango wa mbele uligongwa. Salamu zikasikika, za kiume na moja nzito ya kike. Ummi alimsukuma Kidawa chumbani, akashusha pazia.

Kutoka kule ndani alisikia yote. Viti vikasogezwa, chai ikamiminwa. Mzee mmoja alisoma Fatiha, akatoa hotuba kwa Kiingereza kilichonyooka. Assane alikohoa. Kidawa alikijua kikohozi kile. Kilimpita mwilini kama kidole. Akajibana mikono kwapani.

Burhani akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Kwa desturi alitakiwa amuulize mara tatu, na desturi yenyewe kila mtu anaijua: mwari akinyamaza amekubali, maana haya zimemfunga mdomo.

"Sikiliza," alinong'ona. "Wamejaa pale. Mama Kumba analia. Tusiwaaibishe watu. Mimi nauliza, wewe nyamaza tu. Nyamaza leo, watoke na heshima yao na mimi na yangu. Kesho tutayamaliza wenyewe, taratibu."

"Nikinyamaza nimekubali, kaka."

"Mbele yao tu."

"Na kesho utawaambia nini? Kwamba nilinyamaza vibaya?"

Burhani alifungua mlango nusu, ili sebuleni wasikie, akapandisha sauti. "Kidawa binti Shekue. Assane amekuposa. Umekubali?"

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Aliwaza kwamba ingekuwa rahisi sana. Asingefanya kitu. Angekaa tu hivi, na baada ya dakika chache kungepigwa vigelegele, na mwanaume yule angekuwa wake, mikono yake na uongo wake, Jumamosi na Jumapili. Mwili wake ulitaka. Hakuna haja ya kudanganyana hapa: mwili wake ulimsihi.

"Kidawa, umekubali?" Ya pili.

"Kidawa, mdogo wangu. Umekubali?"

Akasimama. Akapita mbele ya kaka yake, akaliondoa pazia, akatokea sebuleni na wanja wake ulivyomwagika, wakamwona wote. Assane alinyanyuka nusu kwenye kiti.

"Asalaam alaykum, wazee wangu," alisema. "Samahani kwa kujitokeza. Nimeulizwa na mimi nataka nijibu kwa mdomo, kwa sababu wengi wameninyamazia, na mimi sitaki kuwa mmoja wao. Sikubali. Mama Kumba, ukimpigia simu Astou, mwambie sikujua. Mwambie nilicheza kilicho chake bila ruhusa yake, na nimekirudisha."

Burhani alikuwa ameegemea mlango, anatazama sakafu. Mwisho Mama Kumba aliweka kikombe chini, akainuka kwa shida, akamshika Kidawa mashavu yote mawili kwa viganja vyake vikubwa.

"Tumesikia, binti yangu," alisema. Akageuka. "Haya. Tuondoke. Assane, inuka."

Assane aliinuka. Alipopita mbele yake alifungua mdomo, na Kidawa akatikisa kichwa, kidogo sana.

Mlango ukafungwa. Lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu tangu Ramadhani, kwa hiyo ilibidi washuke kwa miguu, ghorofa saba. Kidawa aliegemeza sikio kwenye mbao. Walikuwa watu sita kwenye ngazi, na viatu kumi na viwili vikigonga saruji, vizito kwa vyepesi, vimechanganyika. Kuvijua vya Assane hakukumpa shida hata kidogo. Alivisikia vikishuka ya sita, ya tano, ya nne, vinasita, vinaendelea, mpaka chini kabisa, na hata vilipofika barabarani, ambako hakuna sikio la binadamu lingeweza kusikia, bado alijua mguu upi umetangulia.

Ummi akaja akasimama nyuma yake, akamfungua kilemba.